Kazi Iko Kwenye Kushuka: Milima na Kambi Baada ya Miaka 60

Mtu aliyevuka miaka 60 akialikwa kupanda mlima, hofu yake ya kwanza huwa ni pumzi: nitafika kweli, au nitaishia njiani nikihema? Hofu hiyo ina msingi. Kwa mtu asiyefanya mazoezi, uwezo wa mwili kutumia oksijeni hupungua kwa takriban asilimia 10 kila miaka kumi. Lakini pumzi ndilo tatizo jepesi kuliko yote. Ikikuishia unasimama, unahema, unaendelea. Yanayowarudisha watu nyumbani wakichechemea, au wakibebwa, mara nyingi hutokea kilele kikiwa kimeshapitwa: magoti yanayogoma kwenye mteremko, mguu unaokosea hatua saa tisa alasiri, kizunguzungu cha usiku mtu akitoka hemani kwenda haja ndogo. Kila moja lina chanzo chake na kinga yake, ndiyo maana ushauri wa jumla wa "fanya mazoezi, kunywa maji" haumfikishi mzee mbali.

Umri wenyewe haumfungii mtu mlango. Mwaka 2019 Anne Lorimor wa Marekani alifika kilele cha Uhuru, Kilimanjaro, akiwa na miaka 89. Ila itazame siku ya kilele kwa njia ya Marangu. Unatoka kambi ya Kibo, takriban mita 4,720, usiku wa manane, unapanda hadi mita 5,895, kisha siku hiyohiyo unateremka mpaka kambi ya Horombo, mita 3,720. Umepanda mita 1,175 na kushuka mita 2,175, na sehemu hiyo kubwa zaidi imefanywa na miguu ambayo haijalala na imeshachoka. Hata mlima mdogo una hesabu ya namna hii.

Unapopanda, misuli ya mapaja ya mbele hufanya kazi ikijifupisha. Unaposhuka, misuli hiyohiyo hukaza huku ikivutwa kurefuka, maana sasa inazuia mwili usiporomoke. Kazi hiyo haileti kuhema, kwa hiyo mtu hudhani anapumzika, kumbe nyuzi za misuli zinachanika kidogokidogo. Kilele cha maumivu huja saa 24 hadi 72 baadaye, lakini udhaifu huanza palepale njiani: magoti yanatetemeka, hatua inakuwa nzito, unyayo unaburuzika.

Hapo ndipo umri unapoingia. Baada ya miaka 30 hivi mwili hupoteza asilimia 3 hadi 8 ya misuli kila miaka kumi, na baada ya 60 kasi huongezeka. Zinazopungua zaidi ni zile nyuzi za kasi, zinazorusha mguu mbele kudaka mwili pale kidole kinapogonga jiwe. Kijana na mzee hujikwaa kwenye mzizi uleule. Tofauti ni kwamba mguu wa mzee unafika umechelewa.

Habari njema ni kwamba misuli hujifunza kushuka upesi ajabu. Ukiteremka mteremko wa wastani mara moja tu, ukapata maumivu kidogo na ukaachia mwili siku tatu nne upone, mteremko unaofuata hautakuumiza kama wa kwanza, na kinga hiyo hudumu kwa wiki kadhaa. Basi mazoezi ya mlima kwa mtu mzima lazima yawe na kushuka ndani yake. Kutembea barabara tambarare kila jioni ni kuzuri kwa moyo, lakini hakumwandai mtu kwa Ngong, karibu na Nairobi, ambako njia ya kwenye mgongo wa vilima hupanda na kushuka tena na tena kabla hujamaliza.

Anza kwa kujipima. Keti kwenye kiti kigumu kisicho na mikono, kunja mikono kifuani, kisha simama na kuketi kwa sekunde 30 ukihesabu. Mwanamume wa miaka 65 hadi 69 asiyefikisha mara 12, au mwanamke wa umri huo asiyefikisha 11, ana miguu dhaifu kuliko kawaida ya rika lake na ajenge nguvu kwanza. Kisha simama kwa mguu mmoja karibu na ukuta. Ukishindwa kufikisha sekunde 10, shida yako kuu ni mizani ya mwili.

Zoezi lenye faida kuliko yote halihitaji vifaa. Simama kwenye ngazi moja yenye kimo cha sentimita 15 hadi 20, mguu mmoja ukining'inia mbele. Kunja goti la mguu uliosimamia polepole, ukihesabu mpaka tatu, hadi kisigino cha mguu mwingine kiguse chini kama kinachogusa yai, kisha rudi juu. Goti lielekee vidole vya mguu, lisilale kuingia ndani. Fanya mara 8 hadi 10 kila mguu, raundi mbili, siku tatu kwa wiki, ukishika ukuta mwanzoni. Wiki ya kwanza fanya nusu ya hapo, kwa sababu hata zoezi hili dogo huuma kesho yake. Mtu wa Dar es Salaam au Mombasa asiye na kilima karibu atumie jengo la ghorofa: apande kwa lifti, ashuke kwa ngazi, aanze na ghorofa 5 na kuongeza 2 au 3 kila wiki. Shirika la Afya Duniani hushauri watu wa miaka 65 na zaidi wapate angalau dakika 150 za mwendo wa wastani kwa wiki, mazoezi ya nguvu siku mbili na ya mizani siku tatu. Wiki 12 za namna hiyo kabla ya safari ya kwanza ngumu ni kipimo kinachofaa.

Kwa kuanzia, chagua mahali ambapo unaweza kukatisha. Msitu wa Karura jijini Nairobi, ule alioupigania Wangari Maathai, una njia pana ambazo unaweza kuzifupisha wakati wowote. Lushoto una Irente, kilomita chache tu kutoka mjini, na ukitaka kivuli kuna msitu wa Magamba. Morningside juu ya Morogoro ni hatua ya pili. Mteremko wake wa kurudi ndio mtihani. Epuka masika, Machi hadi Mei, kwa sababu udongo mwekundu wa milima ile ukilowa huteleza vibaya, na hakuna fimbo inayousahihisha.

Saa ngapi nitarudi?

Kuna kanuni ya zamani ya wapanda milima, ya tangu 1892: saa moja kwa kila kilomita 5, ongeza saa moja kwa kila mita 600 za kupanda. Kanuni hiyo ilitungwa kwa mtu mkakamavu, na haihesabu kushuka. Kwa kundi la miaka 60 na kuendelea, tumia kilomita 3.5 kwa saa, ongeza saa moja kwa kila mita 400, na pale mteremko ulipo mkali ongeza dakika 10 kwa kila mita 300 za kushuka.

Chukua mlima Longonot wa Kenya, kilele mita 2,776, ukipanda kutoka langoni na kuzunguka ukingo wote wa kreta: takriban kilomita 13, na tukadirie mwinuko wote wa njiani kuwa mita 700. Kanuni ya zamani inakupa chini ya saa nne. Hesabu ya mtu mzima ni saa 3 na dakika 40 za umbali, saa 1 na dakika 45 za kupanda, karibu nusu saa ya kushuka, na saa moja ya kupumzika: jumla karibu saa 7. Ukianza saa 1 asubuhi unamaliza saa 8 mchana. Ukianza saa 4, unashuka kwenye majivu ya volkano, yanayoteleza kama mchanga mkavu, jua likielekea kuzama. Mtu wa mara ya kwanza apande mpaka ukingoni, ale chakula akitazama msitu ulio ndani ya kreta, ageuze. Hiyo ni safari kamili.

Weka saa ya kugeuza kabla hamjaondoka, na muitaje mbele ya kila mtu. Ikifika mnageuza, hata kilele kikiwa kinaonekana.

Miguuni, machoni, mgongoni

Buti nyingi za milimani huuzwa mitumba, na wengi wana jozi iliyokaa kabatini tangu zamani. Kabla ya kuziamini, kagua tabaka la kati la soli, lile laini lililo baina ya mpira wa chini na ngozi. Mara nyingi ni povu la poliurethani, ambalo huoza kwa unyevu wa hewa hata kiatu kisipovaliwa, na joto la pwani huharakisha uozo huo. Kwa nje buti hupendeza, kisha soli inabanduka nzima katikati ya safari. Ikunje buti kwa nguvu na ubonyeze tabaka hilo kwa ukucha. Likitoa nyufa, unga au vipande, usiende nayo. Hata kwa buti nzima, beba kamba ya mita mbili ya kufungia soli.

Jaribu viatu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, ukiwa na soksi utakazovaa. Pawe na nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono mbele ya kidole kirefu, la sivyo kucha zitagonga mbele mteremko mzima na kuwa nyeusi. Zikate siku mbili tatu kabla, zikiwa zimenyooka. Kabla ya kuanza kushuka simama, rudisha kisigino nyuma kabisa ndani ya kiatu, kaza kamba upya hasa kwenye kifundo. Dakika mbili hizo huokoa vidole.

Miwani yenye lenzi mbili, ya mbali juu na ya kusoma chini, ni hatari iliyojificha. Unapotazama miguu yako unapitia sehemu ya kusomea, ambayo imepimwa kwa kitu kilicho karibu na uso, na ardhi inakuwa na ukungu. Hata zile zinazobadilika polepole bila mstari zina shida hiyo. Anayetembea milimani mara kwa mara atengeneze miwani ya mbali peke yake.

Fimbo za kutembelea ziwe mbili. Urefu wa tambarare ni ule unaofanya kiwiko kikunjike pembemraba ncha ikiwa chini. Kwa mtu wa sentimita 165 ni karibu sentimita 112. Kwenye kushuka zirefushe kwa sentimita 5 hadi 10 na uzitangulize mbele yako, mzigo uingie mikononi kabla ya goti. Kaza vifungio na uviegemee kwa uzito wako kabla ya kuziamini, kwa sababu kifungio kilicholegea hukunjika pale unapokihitaji. Piga hatua fupi, magoti yakiwa yamelegea, na ukate mteremko kwa kupinda kushoto na kulia.

Begi la siku lisizidi asilimia 10 ya uzito wako, hasa mwanzoni: mtu wa kilo 65, kilo 6 na nusu, maji yakiwemo. Funga kwanza mkanda wa kiunoni juu ya mifupa ya nyonga, halafu mikanda ya mabega. Ukianza na mabega, uzito wote utaning'inia shingoni. Vifaa vya kulala apewe mpagazi au gari. Hakuna aibu yoyote katika hilo, na ni kipato kwa kijana wa pale.

Maji na dawa

Kadiri umri unavyosogea, kiu huchelewa kuja na figo hupoteza uwezo wa kubana maji. Mzee anaweza kupungukiwa maji bila kuhisi chochote zaidi ya uchovu na ukali wa maneno. Kwa hiyo kunywa kwa saa: vikombe viwili saa mbili kabla ya kuanza, kisha mafunda machache kila dakika 15 au 20, jumla karibu nusu lita kwa saa, zaidi kwenye jua kali. Wanawake wengi hukwepa maji ili wasitafute choo njiani. Ni bora kupanga vituo vya kujisitiri na kubeba kijembe kidogo: shimo la sentimita 15 hadi 20, mbali na mto kwa mita 60 au zaidi.

Maji matupu kwa wingi nayo yana hatari yake, hasa kwa anayetumia dawa ya presha ya kukojosha kama haidroklorothiazaidi, kwa sababu chumvi ya damu inashuka na mtu anachanganyikiwa. Mwenye moyo au figo dhaifu aliyepangiwa kiasi cha maji afuate alichopangiwa na daktari. Wengine wale karanga zenye chumvi, au wabebe pakiti za chumvichumvi za kuharisha. Pakiti zikikosekana, changanya lita moja ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari vilivyofutwa juu, na nusu kijiko cha chai cha chumvi.

Mchanganyiko unaodhuru kimyakimya ni huu: dawa ya kukojosha, pamoja na dawa ya presha ya kundi la enalaprili, lisinoprili au losartani, kisha mtu anaumwa goti na kumeza diklofenaki au ibuprofeni aliyoinunua duka la dawa, huku hajanywa maji ya kutosha. Kila moja kati ya hizo hugusa mtiririko wa damu kwenye figo kwa njia yake, na zikikutana figo zinaweza kugoma. Kwa goti la mlimani, mwenye dawa hizo atumie parasetamoli, na aulize swali hili hasa kwa daktari wake kabla ya safari. Dawa ya presha usiiache kwa uamuzi wako.

Anayetumia dawa za presha na moyo kama atenololi au propranololi asiiamini saa inayopima mapigo, kwa kuwa dawa hizo huzuia mapigo ya moyo kupanda. Kipimo chake kiwe maneno: aweze kusema sentensi nzima bila kukatika. Mwenye kisukari anayetumia insulini au glibenklamaidi anaweza kushuka sukari saa nyingi baada ya kutembea, hata usiku. Apime kabla ya kulala, na awe na sukari mfukoni, vijiko 3 vya chai kwa mara moja, kisha apime tena baada ya dakika 15. Insulini iliyoganda haifai tena hata ikiyeyuka, kwa hiyo usiku wa baridi kali ilale nawe, ikiwa imefungwa kwenye soksi ndani ya mfuko wa kulalia.

Kuhusu kimo: kuanzia takriban mita 2,500 kichwa kinaweza kuuma, na kikiambatana na kichefuchefu, uchovu au kizunguzungu, ni ugonjwa wa mlimani mpaka ithibitike vingine. Umri peke yake hauongezi hatari hiyo. Moyo na mapafu yenye maradhi ndiyo ya kuangalia. Juu ya mita 3,000, mahali pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa siku. Kwenye njia ya Marangu, kutoka kambi ya Mandara hadi Horombo ni mita 1,000 kwa mkupuo, ndiyo sababu usiku wa pili Horombo una thamani kuliko kifaa chochote utakachokodi. Asetazolamaidi, kwa kawaida miligramu 125 mara mbili kwa siku, husaidia kuzoea, kwa cheti cha daktari. Anayeyumba akiambiwa atembee kwenye mstari mnyoofu ateremshwe saa hiyohiyo, usiku ama mchana.

Usiku wa hemani

Baridi ya hemani hutoka chini zaidi kuliko juu. Mwili wa mzee hutetemeka kidogo na hubana mishipa ya ngozi polepole, kwa hiyo hupoa kabla mwenyewe hajajua. Usiku wa Lushoto mwezi Julai unatosha kulionyesha hilo. Mkeka mmoja wa povu wa sentimita moja hautoshi; weka miwili, au godoro la kujaza upepo lenye unene wa sentimita 7 ambalo pia litaokoa nyonga. Kitanda cha kukunja hurahisisha kuamka, lakini upepo hupita chini yake, na wengi hulala juu ya turubai tupu wakashangaa kutetemeka. Mkeka wa povu utandikwe juu ya kitanda, chini ya mfuko wa kulalia. Vaa kofia.

Usiingize jiko la mkaa hemani, hata lenye makaa yanayoelekea kuzima. Hewa ya sumu inayotoka humo haina harufu wala rangi, na huua watu usingizini.

Kwa nini mtu anakojoa mara nne kambini na mara mbili nyumbani? Maji yaliyokusanyika miguuni mchana kutwa hurudi kwenye damu anapolala. Ainue miguu juu ya begi kwa nusu saa kabla ya chakula cha jioni, aende haja, ndipo alale. Wenye dawa za tezi dume kama tamsulosini hushuka presha wanaposimama ghafla, basi kaa kitako dakika moja au mbili kabla ya kuinuka. Kutoka chini: geukia ubavu, ingia kwenye magoti na viganja, sogea mpaka penye kiti au fimbo, tanguliza mguu wenye nguvu, sukuma. Tochi iwe shingoni tangu jioni, na kamba za hema zifungwe vitambaa vyeupe, maana ndizo zinazoangusha watu gizani. Chupa yenye mdomo mpana na kifuniko hufuta safari nzima.

Aliyeanguka na kugonga kichwa huku akitumia dawa ya kuzuia damu kuganda, kama warfarini, apelekwe hospitali hata akisema yuko salama. Damu huweza kuvuja polepole kwa saa nyingi. Kifua kinachobana kuelekea taya au mkono, na kuhema kusikoisha mtu akiwa ameketi, havisubiri asubuhi.

Siku mbili za baadaye miguu itakuwa migumu. Tembea kidogo kila baada ya muda, usilale kutwa. Mkojo wenye rangi ya kahawia iliyokolea, mfano wa soda nyeusi, ni misuli iliyovunjika kupita kiasi, na huo ni wa hospitali. Na kwa kuwa wengi hurudi kwa basi, safari inayochukua saa saba au nane, wakiwa wamechoka na wamepungukiwa maji, shuka kila kituo unyooshe miguu. Mkiwa njiani chezesha vifundo juu na chini. Kigimbi cha mguu mmoja kikivimba, kikawa cha moto na kuuma peke yake, usikikande wala usikichue: inaweza kuwa damu iliyoganda, nenda ukapimwe siku hiyohiyo.